Mkimbiaji wa hisani: Nani akimbie badala ya mchezaji aliyeumia katika softiboli?

APRILI 26, 2008, katika mji wa Ellensburg, jimbo la Washington nchini Marekani, mchezaji wa softiboli aitwaye Sara Tucholsky aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Western Oregon, kimo chake futi 5 na inchi 2, na tangu aanze kucheza, shuleni hadi chuoni, hakuwa amewahi kupiga mpira wa namna hiyo. Wenzake wawili waliokuwa vituoni walikwishaanza safari ya kurudi nyumbani kuhesabiwa pointi. Yeye, kwa furaha, akapita kituo cha kwanza bila kukikanyaga. Alipogeuka ghafla ili akirudie, goti likaachia. Akaanguka, akatambaa hadi kituoni, akakishika, asiweze kusimama wala kwenda mbele.

Mpira ulikuwa nje ya uzio na hapakuwa na mtu wa upande wa pili ambaye angeweza kumtoa. Alichotakiwa ni kuvizunguka vituo vilivyobaki, hata kwa kutembea, lakini hilo nalo lilimshinda. Swali lililowakabili makocha na waamuzi dakika ile ndilo linaloulizwa kila mwisho wa juma katika viwanja vya mitaani vya Marekani na Canada, ambako watu wazima wenye magoti mabovu hucheza softiboli kwa burudani: mchezaji akiumia, nani anaruhusiwa kukimbia kwa niaba yake, aanzie wapi, na kwa gharama gani?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, softiboli ni ndugu wa besiboli, na yote miwili ina undugu na raunda wanayocheza wanafunzi katika shule zetu. Ilianzia Chicago mwaka 1887 ikichezwa ndani ya ukumbi, ikapewa jina hilo mwaka 1926, na chama chake cha kitaifa nchini Marekani, ambacho leo kinaitwa USA Softball, kiliundwa mwaka 1933. Mtupaji huurusha mpira kwa mkono unaotokea chini. Mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vitatu hadi arejee kituo cha nyumbani, pale alipopigia. Akifika salama, timu yake hupata pointi moja. Timu huendelea kupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe, ndipo upande wa pili nao unapoingia kupiga. Pande zote mbili zikishapiga, zamu moja imekamilika, na mchezo kamili una zamu saba.

Ikumbukwe kuwa kupiga na kukimbia ni kazi mbili tofauti zinazofanywa na mtu mmoja. Mzee wa miaka 60 aliyefanyiwa upasuaji wa goti anaweza kuupiga mpira kwa ustadi kuliko kijana wa miaka 20, lakini mbio hazimo tena miguuni mwake. Softiboli ya burudani, hasa ile ya mtupo wa taratibu ambamo mpira hurushwa kwa tao refu, imejaa watu wa aina hiyo. Umbali kati ya kituo na kituo kwa watu wazima ni futi 65 au 70, yaani mita 20 hivi. Si mbali, ila ni mbio za ghafla: mtu amekaa kwenye benchi robo saa, anaitwa, anapiga, kisha anatakiwa kufyatuka kama mshale. Msuli wa nyuma ya paja haupendi mambo hayo, nao hutoa malalamiko yake papo hapo.

Mambo matatu yanayochanganywa

Ugomvi mwingi uwanjani hutokana na kuchanganya mambo matatu ambayo kwa mtazamaji yanafanana, kwa sababu katika yote mtu mmoja anatoka kituoni na mwingine anachukua nafasi yake.

La kwanza ni badiliko la kawaida. Mchezaji wa akiba anaingia, aliyeumia anatoka, na jina linaandikwa kwenye karatasi ya mchezo. Hapa softiboli ina moyo wa huruma kuliko besiboli ya kulipwa. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, aliyetoka ametoka, hata kama maumivu yamepoa baada ya dakika tano. Katika softiboli, mchezaji aliyeanza mchezo anaruhusiwa kutoka na kurudi mara moja, mradi arudi kwenye nafasi ileile aliyokuwa nayo katika orodha ya wapigaji.

La pili ni mkimbiaji wa hisani. Huyu hukimbia badala ya mwenzake, lakini mwenzake hahesabiwi kuwa ametoka. Zamu ya kupiga ikimfikia tena, mwenye goti bovu atasimama na gongo lake kama kawaida, na anaweza hata kwenda kulinda uwanjani. Mkimbiaji wa hisani ameazima nafasi tu.

La tatu ni mkimbiaji wa dharura, anayekamilisha safari ambayo aliyeumia tayari amepewa haki nayo. Mpira ukivuka uzio, au mwamuzi akitoa kituo cha bure kwa sababu ya kosa la wapinzani, mkimbiaji hashindani tena na mtu. Anachofanya ni kukusanya alichokwishapewa. Akivunjika mguu njiani, haki hiyo haimwagiki kama maji. Mwenzake anaruhusiwa kuibeba hadi mwisho.

Kutojua jambo hili la tatu ndiko kulikowaponza watu wa Ellensburg. Waamuzi waliulizwa, wakasema kwamba wenzake Tucholsky wakimgusa ili kumsaidia, atahesabiwa ametolewa. Wakasema pia kwamba mchezaji wa akiba anaweza kuingia pale kituo cha kwanza, lakini pigo lile litahesabiwa kuwa la kituo kimoja tu, pamoja na pointi mbili za waliokuwa mbele. Pigo pekee la maisha yake la kuvuka uzio lingefutwa kwenye vitabu.

Hapo ndipo Mallory Holtman, mchezaji wa kituo cha kwanza wa timu pinzani ya Chuo Kikuu cha Central Washington, alipouliza kama wao wapinzani wanaweza kumbeba. Hakuna kanuni iliyowakataza. Holtman na mwenzake Liz Wallace wakamwinua Tucholsky, mmoja huku na mwingine huku, wakamzungusha uwanja mzima, wakiinama kila kituoni ili aguse kwa mguu wake mzima. Pointi tatu zikahesabiwa. Western Oregon wakashinda 4–2, na ushindi huo ukazima matumaini ya Central Washington ya kusonga mbele msimu ule. Picha za tukio hilo zilizunguka dunia, na mwezi Julai mwaka huohuo lilitunukiwa tuzo ya ESPY kuwa tukio bora la michezo la mwaka.

Jambo ambalo halikuenea sana ni kwamba waamuzi walikosea. Kitabu cha kanuni za softiboli za vyuo vikuu cha NCAA kilikuwa na kifungu kinachosema wazi kwamba, jeraha likimzuia mkimbiaji kufika kwenye kituo alichopewa, mpira huhesabiwa umekufa, mchezaji wa akiba huingia, naye hugusa vituo vyote vilivyobaki. Tucholsky angeweza kulazwa kwenye machela huku mwenzake akimalizia mzunguko, na pigo lingebaki kuwa lake. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kulipunguzia thamani tendo la Holtman na Wallace, ambao hawakujua kwamba kanuni ipo na walitoa bila kulazimishwa. Lakini msichana aliyechanika kano ya goti alizungushwa uwanjani kwa sababu kitabu hakikufunguliwa, na hilo nalo linapaswa kusemwa.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kanuni ya namna hiyo ilitumika kimya kimya katika besiboli ya ligi kuu. Septemba 14, 2005, mjini Toronto, Gabe Kapler wa Boston Red Sox alikuwa kituo cha kwanza mwenzake Tony Graffanino alipoupiga mpira ukavuka uzio. Kapler alipokuwa akizunguka kituo cha pili, kano yake ya kisigino ikakatika. Graffanino, aliyekuwa nyuma yake, alilazimika kusimama kituoni akingoja, kwa sababu mkimbiaji hawezi kumpita aliye mbele yake. Alejandro Machado akaingia badala ya Kapler, akamalizia mzunguko, na Graffanino akamfuata. Pointi zote mbili zilihesabiwa, na hapakuwa na ubishi.

Hofu ya ujanja

Kwa nini basi besiboli, iliyo na ukarimu huo, haimtambui kabisa mkimbiaji wa hisani? Jibu liko katika historia yake. Katika miongo ya mwanzo, nahodha aliweza kumwomba nahodha mwenzake ridhaa ya kumpumzisha mchezaji aliyeumia kwa muda, na mara nyingi ridhaa ilitolewa kiungwana. Desturi hiyo ilipigwa marufuku katika ligi kuu kufikia katikati ya karne ya 20. Kanuni ya sasa inasema kwamba mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya wapigaji hawezi kukimbia badala ya mwenzake, na maelezo yake yanataja kuwa shabaha ni kuikomesha desturi hiyo.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Timu yenye mpigaji mzito mwenye nguvu na kijana mwepesi kwenye benchi itagundua haraka sana kwamba yule mzito ana maumivu, na maumivu hayo yatamshika kila anapofika kituo cha kwanza na kumwacha kila anaposhika gongo.

Softiboli ilichagua njia nyingine. Haikumfukuza mkimbiaji wa hisani, bali ilimwekea mipaka, na mipaka hiyo hutofautiana kulingana na aina ya mchezo.

Katika softiboli ya mtupo wa kasi, ile ya ushindani, hisani hii haihusiani na majeraha. Kanuni za USA Softball huruhusu mkimbiaji wa hisani kwa ajili ya mtupaji na mdakaji, na mtu mmoja hawezi kuwahudumia wote wawili. Lengo ni kuokoa muda. Mdakaji huvaa kinga kifuani, usoni na miguuni, na kuzifunga huchukua dakika kadhaa ambazo watu mia mbili hukaa wakimtazama mtu akifunga vishikizo. Kanuni za kimataifa za shirikisho la WBSC nazo zina mkimbiaji wa muda kwa ajili ya mdakaji aliyeko kituoni wakati timu yake imekwishapoteza wachezaji wawili. Timu haichagui impendaye: anayeingia ni yule ambaye zamu yake ya kupiga iko mbali kuliko wote na ambaye hayuko kituoni. Kipengele hicho kina hekima ambayo ligi za mitaani ziliigundua kwa njia yao wenyewe, kama tutakavyoona.

Katika viwanja vya burudani

Kwenye mtupo wa taratibu wa watu wazima, kanuni za USA Softball huruhusu mkimbiaji wa hisani mmoja kwa kila zamu, bila kuuliza sababu. Anaweza kuwa mtu yeyote aliye kwenye orodha rasmi ya timu, awe anacheza au yuko akiba. Timu za mchanganyiko huruhusiwa wawili: mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Hakuna anayetakiwa kuonyesha bandeji. Watunga kanuni walitambua kwamba mwamuzi si daktari, na kwamba njia nyepesi ya kuzuia udanganyifu kuhusu maumivu ni kutoyauliza kabisa, bali kuiwekea hisani idadi.

Hata hivyo kuna mtego, na manahodha wengi wapya hunaswa nao. Tuchukue mfano. Mpigaji wa tano katika orodha amefika kituo cha kwanza akichechemea. Nahodha anamtazama kijana mwenye mbio kuliko wote, ambaye ni mpigaji wa nane, anampeleka kituoni. Wa sita anapiga na kufika salama. Wa saba naye anapiga na kufika salama. Sasa vituo vyote vimejaa, kijana wetu yuko kituo cha tatu, na anayetakiwa kwenda kupiga ni yeye mwenyewe. Hawezi kuwa mahali pawili. Kanuni inasema ametolewa pale kituoni, anaondolewa, kisha anakwenda kupiga. Wala timu hairuhusiwi kumleta mkimbiaji wa pili ili kumwokoa. Timu imepoteza mtu na pointi iliyokuwa karibu kuiva, kwa kosa la hesabu ndogo tu: nahodha aliangalia mbio, hakuangalia orodha.

Ligi nyingi za mitaa na za makampuni haziishii kwenye kitabu cha chama. Hujiongezea kanuni zake. Iliyoenea zaidi ni ile ya aliyetolewa mwisho: anayekimbia badala ya aliyeumia ni mchezaji wa timu yake aliyetolewa hivi karibuni kuliko wote. Kama zamu ya kwanza ndiyo kwanza imeanza na hajatolewa mtu, huchukuliwa aliye mwisho kwenye orodha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hii ndiyo kanuni bora kuliko zote zilizobuniwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Nahodha hana nafasi ya kumchagua mwepesi. Leo utapata kijana wa mbio, kesho utapata mwenye kitambi, na hakuna wa kulaumiwa. Aidha, kwa kuwa aliyetolewa amekwishapiga si muda mrefu, zamu yake ya kupiga bado iko mbali, na ule mtego wa kuitwa kupiga ukiwa kituoni hautokei kwa urahisi.

Suala la pili ni wapi mkimbiaji aanzie. Kwa kawaida mpigaji lazima afike kituo cha kwanza kwa miguu yake. Akishafika, nahodha huomba muda, mwamuzi husimamisha mchezo, na badiliko hufanyika kabla ya mtupo unaofuata. Hakuna kubadilishana mpira ukiwa hai. Baadhi ya ligi, hasa za wazee, huruhusu mkimbiaji aanzie nyumbani kabisa: mpigaji anapiga na kubaki pale pale, mwingine anaanza mbio. Ligi za namna hiyo huhitaji kuchora mstari ambao mkimbiaji hauvuki kabla gongo halijagusa mpira, na kuamua itakuwaje mpigaji akisahau na kuanza kukimbia naye. Si kichekesho, hutokea. Miguu ina kumbukumbu yake, na mtu aliyecheza miaka 30 akiusikia mlio wa gongo huondoka kabla hajakumbuka kwamba ana nyonga ya chuma.

Kuna wanaosema kwamba asiyeweza kufika hata kituo cha kwanza asicheze. Hoja hiyo ina nguvu katika ligi ya vijana wa miaka 25 wanaogombea kombe. Lakini ukiipeleka katika ligi ya watu wa miaka 70, utabaki na uwanja mtupu. Ndiyo maana kanuni za softiboli ya wazee, inayoanzia miaka 50, hazikuweka idadi ya wakimbiaji wa hisani katika zamu. Kinachozuiwa kwa kawaida ni mtu mmoja kufanya kazi hiyo zaidi ya mara moja katika zamu ileile, ili mwepesi mmoja asigeuke kuwa miguu ya timu nzima. Wazee hao pia wana kituo cha nyumbani cha pili, cha mkimbiaji peke yake, ili asigongane na mdakaji. Na kabla ya hapo kuna mstari ambao mkimbiaji akiuvuka haruhusiwi kurudi nyuma. Kituo cha kwanza nacho huwa na sehemu mbili, nyeupe ya mlinzi na ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji. Busara hii ya mwisho imeenea hadi kwa vijana, kwa maana mguu wa mlinzi uliokaa juu ya kituo ni chanzo cha ajali nyingi.

Ligi nyingine hutaka majina ya wenye majeraha yatajwe kwa mwamuzi na kwa nahodha pinzani kabla ya mchezo kuanza. Aliyetajwa atakimbiliwa na mwingine mchezo mzima. Hawezi kujikimbilia mwenyewe kituo cha pili anapoona njia nyeupe, kisha akakumbuka goti lake anapofika cha tatu. Anayeumia katikati ya mchezo hufikiriwa peke yake. Utaratibu huu ni mzuri pale watu wanapofahamiana. Ule wa zamani, wa kuomba ridhaa ya nahodha pinzani, ndio ulioipa hisani jina lake, lakini una kasoro kubwa: humfanya mtu mwenye hamu ya kushinda kuwa hakimu wa maumivu ya adui yake, tena katika zamu ya saba, pointi zikiwa sawa.

Somo kutoka kwenye kriketi

Msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala atakuwa amekutana na swali hili zaidi katika kriketi kuliko katika softiboli, na huko kasoro ya ridhaa ilionekana mbele ya dunia. Mei 21, 1997, mjini Chennai, Saeed Anwar wa Pakistan aliifunga India mikimbio 194, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja kwa wakati ule, na sehemu kubwa ya mikimbio hiyo ilikimbiwa na kijana Shahid Afridi kwa niaba yake. Wapo walioona ushujaa, na wapo walioona watu wawili wakicheza kama mmoja.

Septemba 27, 2009, huko Centurion, Afrika Kusini, nahodha wa wenyeji Graeme Smith alishikwa na misuli akiwa amekwishapiga mikimbio mingi dhidi ya Uingereza katika Kombe la Mabingwa. Akaomba mkimbiaji. Nahodha wa Uingereza, Andrew Strauss, akapinga, kwa hoja kwamba kukakamaa kwa misuli ni uchovu na si jeraha, na ombi likakataliwa. Smith alifikisha mikimbio 141 akichechemea, na timu yake ikashindwa kwa mikimbio 22. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Kuanzia Oktoba 1, 2011, Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) likafuta wakimbiaji katika mechi za kimataifa. Anayeshindwa kukimbia hutoka nje akisubiri nafuu, au hubaki na kupiga akiwa amesimama.

Kwa klabu za kawaida, hata hivyo, sheria za jumla za kriketi zinazotunzwa na klabu ya MCC ya London bado zinamruhusu mkimbiaji, katika Sheria ya 25. Waamuzi lazima waridhike kwamba jeraha limetokea wakati wa mechi. Mkimbiaji awe wa timu inayopiga na, ikiwezekana, awe amekwishapiga. Tena avae kinga zilezile za mwenzake. Kipengele hiki cha mwisho kina haki ndani yake. Kama aliyeumia angekimbia na kinga nzito miguuni, basi na anayekimbia badala yake azibebe.

Timu isiyo na akiba

Limebaki jambo moja ambalo vitabu hulieleza kwa ufupi na ambalo katika burudani huumiza kuliko yote. Timu za mitaani mara nyingi hufika na idadi kamili ya watu, bila hata mmoja wa ziada. Mchezaji akiumia kiasi cha kwenda hospitali, hakuna wa kuingia. Kanuni za USA Softball huiruhusu timu kuendelea ikiwa na upungufu wa mtu mmoja, lakini kila nafasi yake ya kupiga inapofika, timu huhesabiwa kutolewa mtu. Na kama aliumia akiwa mkimbiaji kituoni, naye huhesabiwa ametolewa.

Shabaha ya kanuni hiyo inaeleweka: timu isije ikamficha mpigaji dhaifu kwa kisingizio cha ugonjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyeteguka kifundo cha mguu hubaki uwanjani, akijua kwamba akiondoka ataiadhibu timu yake kila mzunguko. Ligi kadhaa za burudani zimekifuta kipengele hicho kwa majeraha, nafasi ya aliyeumia ikirukwa tu bila adhabu, kwa sharti kwamba akishaondoka hawezi kurudi siku hiyo. Sharti hilo linatosha kuwatenga waigizaji.

Mwamuzi naye ana mamlaka ambayo wachezaji wengi hawajui kuwa anayo. Jeraha likiwa baya, anaweza kuusimamisha mchezo hata mpira ukiwa bado hai, kisha akawapa wakimbiaji vituo ambavyo kwa maoni yake wangevifikia. Hakuna haja ya mchezaji kumruka mwenzake aliyelala chini ili awahi nyumbani.

Kwa wanaoandaa ligi ya kazini au ya mtaa, maswali ya kuandikiwa majibu kabla ya mpira wa kwanza kurushwa ni haya: wakimbiaji wa hisani wangapi kwa zamu, nani anakimbia, anaanzia wapi, itakuwaje zamu yake ya kupiga ikimkuta kituoni, na nafasi ya aliyekwenda hospitali itahesabiwaje. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala moja akae nayo mwamuzi, na moja ibandikwe kwenye kila benchi.